Chumvi haisomi kalenda



Juzi mpwa wangu wa Bububu alinipigia simu: "Shikamoo mjomba. Umeme umekatika tena, wanasema eti hitilafu." Neno hilo liliniudhi. Ila baadaye, nikitembea kando ya mto huku Deptford, Lewisham, nikaona wa kulaumiwa si wao peke yao. Ni sisi wasomi pia, na mimi nikiwemo.

Laini ya kilovolti 132 inayolisha Unguja inapita kwenye nguzo kutoka Ubungo hadi Ras Kiromoni, inazama baharini, inaibukia Fumba, kisha inapanda tena nguzo hadi Mtoni. Huko juu waya umeshikwa na vikombe, na vikombe vinapigwa na upepo wa chumvi, kaskazi kwa kusi. Chumvi kavu haina neno. Mvua kubwa nayo huosha. Hatari ni umande na manyunyu: chumvi inalowa, mkondo unavuja juu ya kikombe, joto lake linakausha kamkanda kembamba, na hapo cheche zinaruka. Zikiungana mwanzo hadi mwisho, laini imezimika.

Mkondo huo unapimika. Ukiwa mdogo na umetulia, kikombe kimelowa tu. Vilele vikipanda, na mawimbi ya Hz 150 yakikua ndani ya mkondo wa Hz 50, ujue cheche zimeanza: osha sasa. Mashirika mengi duniani huosha kwa kalenda, lakini chumvi haisomi kalenda.

Sasa lawama yangu. Makala nyingi za fani hii, na zangu zimo, zimetoka maabara: kikombe kipya, udongo wa kaolini, chumvi ya mezani, ukungu wa mashine. Grafu zinapendeza kweli kweli. Lakini kikombe cha Kunduchi kina chumvi ya bahari, vumbi, mavi ya ndege na jua la miaka. Mimi nilipata shahada ya uzamivu bila kugusa hata kikombe kimoja kilichoshushwa kwenye nguzo ya kwetu, na watahini hawakuniuliza!

Ferranti, aliyejenga kituo cha umeme hapa Deptford na kupeleka volti 10,000 katikati ya London mwaka 1891, alizihami kebo zake kwa karatasi na nta. Watu walipotia shaka, msaidizi wake alishika patasi ikapigiliwa ndani ya kebo yenye umeme. Sishauri mtu aige! Ila alijaribu kitu chenyewe, si mfano wake.

Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani kama mwezi mzima. Kuanzia Desemba 2009, karibu miezi mitatu. Kosa lilikuwa la kebo, si la vikombe, tusichanganye. Lakini tuliona pampu zikizimika na watu wakihangaikia maji. Kebo ya MW 100 iliyozinduliwa 2013 nayo haisaidii kitu ikiwa laini ya nchi kavu imezimika.

Hivyo basi, mwanafunzi wetu anayetaka mada aende na vipimo vyake nguzoni, akae kuanzia kiangazi hadi masika. Na aandike kwa Kiswahili cha mafundi. Sisi tunasema "vihami", wao wanasema "vikombe", na wao ndio wanaopanda.

Nawasilisha. Anayeona nimekosea, anikosoe.