Cheni Iliyolegea Haitibiwi kwa Kukatwa

Baiskeli nyingi za milimani zinazofika Kericho na Bomet kupitia soko la mitumba huja na gia 18 au 21, na nyingi haziishi nazo muda mrefu. Ukanda huu wa chai hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, hauna kiangazi cha kueleweka, na udongo wake mwekundu ukilowa hung'ang'ania kila kitu kinachozunguka. Deraila, ule mkono wa nyuma unaohamisha cheni, ndiyo hutangulia kufa: hujaa matope, hupinda, hunaswa na spoki. Hapo fundi huing'oa, akachagua sproketi moja ya mbele na moja ya nyuma, akafupisha cheni, na baiskeli ikarudi barabarani ikiwa ya gia moja. Anayetaka kwenda mbali zaidi huifunga friwili, au hutia habu isiyo na friwili kabisa, pedali zikawa zinazunguka kila gurudumu linapozunguka. Uamuzi wa kuachana na deraila ni wa busara. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005, lilipotaka kuipa baiskeli yake ya Buffalo gia ya pili, wahandisi waliikwepa deraila na kuweka cheni mbili na friwili mbili. Mwendeshaji hubadilisha gia kwa kukanyaga kinyumenyume kidogo. Kwa hiyo sina ugomvi na kazi ya fundi wa Litein au Sotik. Kasoro huanza baadaye, cheni inapolegea na kuning'inia, na dawa inayotolewa ikawa ile ile: ikatwe tena. Dawa hiyo haiponyi, na ushahidi wake umo ndani ya milimita.

Cheni ya baiskeli, iwe ya Black Mamba ya kubebea mizigo au ya baiskeli ya mashindano, ina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini, yaani nusu inchi. Hata hivyo haikatwi kwa nusu inchi, kwa sababu kiungo chembamba lazima kifuatwe na kipana. Ukipunguza, unapunguza jozi nzima, milimita 25.4. Sasa chukua fremu ambayo kutoka katikati ya krenki hadi katikati ya ekseli ya nyuma ni milimita 425, kipimo cha kawaida kwa baiskeli za milimani, na cheni ya upande wa chini iwe imenyooka. Iongezee cheni hiyo nusu milimita tu, na katikati yake itaweza kushuka sentimita moja. Iongezee milimita tano, itashuka zaidi ya sentimita tatu. Hakuna muujiza hapo, ni kanuni ya Pythagoras: pembetatu ikiwa bapa sana, mkingamo ukirefuka kidogo tu kimo hupanda kwa kasi. Baiskeli isiyo na friwili inataka cheni icheze kama sentimita moja kwa jumla, juu na chini. Ina maana kwamba tofauti kati ya cheni iliyokaa sawa na cheni ya hatari haifiki milimita moja ya urefu, ilhali kipande kidogo kabisa ambacho fundi anaweza kuondoa kinazidi milimita 25. Kukata huko hakulingani na kazi inayotakiwa.

Jambo la pili ni namna cheni inavyorefuka. Chuma chake hakivutiki. Kinacholika ni pini na tundu linaloizunguka. Udongo mwekundu ukichanganyika na mafuta hugeuka msasa, na kila kiungo kinapopinda kwenye meno, msasa huo hufanya kazi yake. Pima umbali wa pini 24 mfululizo, yaani kutoka pini ya kwanza hadi ya 25, na cheni mpya itakupa milimita 304.8. Ikifika 306.3 imelika kwa nusu asilimia, na huo ndio wakati mafundi makini huanza kufikiria kuibadilisha. Kwenye fremu ya mfano wetu, yenye cheni ya viungo 92, nusu asilimia hiyo ni karibu milimita sita kwa cheni nzima, na gurudumu lisiposogezwa, cheni itaning'inia zaidi ya sentimita tatu. Mwenye baiskeli anaona imelegea mno, na ana haki. Lakini ili fundi aweze kuondoa jozi moja na cheni bado ifike, milimita 25.4 zote ziwe zimepatikana kwa kulika, na hiyo ni zaidi ya asilimia mbili. Kwa maneno mengine, cheni iliyofungwa vizuri hapo awali ikifikia hali ya kukatika jozi, ilipaswa kutupwa zamani. Kufikia hapo imekwisha kuyala meno ya sproketi pia, na cheni mpya ikitiwa juu ya meno hayo itaruka. Anayekata cheni anadhani ameokoa bei ya cheni moja, kumbe amejiandalia gharama ya cheni na sproketi mbili.

Ajabu ni kwamba jawabu sahihi linajulikana katika vibanda hivi hivi. Mwangalie fundi anapohudumia pikipiki ya bodaboda. Cheni yake ikilegea, hatafuti nyundo ya kuikata. Hulegeza nati ya ekseli, akakaza skrubu za kurekebishia pande zote mbili huku akitazama alama zilizochongwa kwenye mkono wa nyuma ili gurudumu lisikae upande, kisha akafunga. Gurudumu limesogea, cheni imekaza, kazi imeisha. Black Mamba nayo iliundwa kwa mantiki hiyo: mdomo wa fremu unaoshika ekseli ya nyuma ni mkato mrefu uliolala, na gurudumu huweza kuvutwa nyuma kadiri cheni inavyolika. Mwenye fremu ya namna hiyo anahitaji spana tu. Alegeze nati ya upande mmoja, auvute upande huo nyuma kidogo, akaze. Kisha ahamie upande wa pili afanye vivyo hivyo, huku akitazama nafasi kati ya tairi na mabomba ya fremu iwe sawa kulia na kushoto. Kuvuta pande zote mbili kwa mpigo mmoja ndiko kunakoleta gurudumu lililokaa mshazari na cheni inayokwaruza.

Ugumu wa kweli uko kwenye ile baiskeli ya mitumba. Deraila ina springi inayomeza ulegevu wote wa cheni, kwa hiyo watengenezaji hawakuona tena sababu ya kuliacha gurudumu litembee, na mdomo wa fremu ukageuzwa kuwa mkato wa wima. Ekseli huingia kutoka chini na kukaa mahali pamoja daima. Fundi anapoing'oa deraila ameondoa springi, lakini mdomo wa wima umebaki. Hapo ndipo kisu huonekana kama njia pekee, na hapo hapo ndipo hesabu ya meno inasaidia. Kila jino moja linaloongezwa, mbele au nyuma, hudai milimita 6.35 za cheni. Rudi kwenye mfano wetu wa milimita 425 na cheni ya viungo 92. Ukiweka meno 32 mbele na 17 nyuma, cheni inazidi kwa milimita tano na inaning'inia vibaya. Ukate jozi? Itapungukiwa na milimita 20 na haitafunga kabisa. Badilisha ile ya nyuma iwe ya meno 18, na sasa cheni imepungua kwa milimita moja tu. Milimita moja ya cheni ni nusu milimita ya ekseli, na nusu milimita hupatikana kwa tupa: unasawazisha kidogo upande wa mbele wa ekseli pale inapokaa kwenye mdomo, ili ikae nusu milimita karibu zaidi na krenki. Afadhali kuipiga tupa ekseli, ambayo hubadilishwa, kuliko fremu, ambayo haibadilishwi. Na isizidi hapo, kwa maana ekseli iliyoliwa sana na tupa hukatika chini ya mzigo.

Wapo watakaosema kwamba fundi wa kijijini hana ghala la sproketi za kuchagua. Hoja hiyo ina uzito mdogo kuliko inavyodhaniwa. Friwili ya zamani ya baiskeli hiyo hiyo imebeba sproketi sita au saba, na krenki yake mara nyingi ina tatu. Michanganyiko imo mkononi mwake bila kununua chochote, mradi achague jozi zinazokaa mstari mmoja, maana cheni iliyokaa mshazari huanguka hata ikiwa imekaza. Wengine watauliza kwa nini asiweke mkono wa springi wa kukazia cheni. Kwa baiskeli yenye friwili, ni dawa halali na rahisi. Kwa isiyo na friwili, hapana: mwendeshaji anapozuia pedali ili kupunguza mwendo, mvutano huhamia cheni ya chini, na ule mkono hupinda au hung'oka. Wapo pia wanaoamini kwamba cheni ikikazwa kama waya ndiyo salama. Cheni ya namna hiyo huzibana beringi za krenki na habu, huifanya baiskeli kuwa nzito kwenye mlima ambao tayari ni mzito, na hulika haraka zaidi.

Kuna kisa kimoja kinachowatatiza hata walio makini: cheni inayokaza na kulegea ndani ya mzunguko mmoja wa pedali. Mtu huikaza, dakika moja baadaye imelegea, anaikaza tena, inagoma kuzunguka. Hapa kwanza hakikisha krenki na habu hazichezi. Zikiwa imara, basi sproketi ya mbele haikukaa katikati. Ikipotoka kwa robo milimita tu, urefu unaodaiwa hubadilika kwa milimita moja katika kila mzunguko, na kwa hesabu ile ile ya pembetatu, cheni iliyokuwa imenyooka itashuka kama sentimita moja na nusu. Mmarekani Sheldon Brown, fundi aliyeandika sana kuhusu baiskeli za aina hii hadi alipofariki mwaka 2008, alieleza tiba yake: zungusha krenki taratibu hadi pale cheni inapokaza kabisa, legeza kidogo tu boliti zinazoshika sproketi ya mbele, gonga cheni polepole katikati kwa kitu chepesi ili sproketi ijisogeze yenyewe, kaza, zungusha, rudia. Ikiwa sproketi imepigwa ribiti kwenye krenki, tiba hiyo haiwezekani. Basi pima ulegevu pale ilipokaza zaidi, na uukubali uliobaki ukiwa mdogo.

Uangalifu wote huu unadaiwa na miteremko. Kwa meno 32 na 18 na gurudumu la inchi 26, mzunguko mmoja wa pedali husogeza baiskeli kama mita 3.7. Anayeshuka kutoka Kericho kuelekea Awasi na Ahero kwa kilomita 30 kwa saa, bila friwili, miguu yake inazunguka takriban mara 135 kwa dakika. Cheni ikiruka wakati huo, miguu haizuii tena chochote, na cheni yenyewe yaweza kunasa na kulifunga gurudumu la nyuma ghafla. Baiskeli ya namna hiyo isitoke kibandani bila breki ya mbele inayoshika sawasawa, hata cheni yake ikiwa mpya na imepimwa vizuri.

Kwa hiyo, msomaji, fundi akikuambia cheni ikatwe, mwombe kwanza aweke rula juu ya pini 24. Ikisoma chini ya milimita 306, cheni bado ni nzima na kinachotakiwa kusogezwa ni gurudumu, au kubadilishwa ni hesabu ya meno. Ikizidi 308, usiikate; nunua nyingine.