Sihiri Isiyo na Gharama

Mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons ulitokea Marekani mwaka 1974. Wachezaji husimulia kisa cha vita na sihiri, na dadu ndiyo hakimu. Katika kanuni za 2014, aliyekatwa mapanga hupumzika masaa manane akaamka mzima. Kitabu cha msimamizi kikaleta kanuni ya hiari: mapumziko hayo yawe siku saba. Hilo ni jema, lakini kwa kawaida sihiri bado haimuumizi aitumiaye.

Singida yatufundisha zaidi. Katika miaka ya 1940 watu waliuawa huko, ikavuma kwamba ni simba waliotumwa na wachawi. Kesi zikadhihirisha mikono ya wanadamu. Hofu ya uchawi ndiyo iliyokuwa pazia la wauaji.

Basi atakaye kuukaza mchezo huu asizidishe damu peke yake. Kila sihiri itumikapo, na ipungue amani baina ya majirani, hata kijiji kizima kiogopane. Hapo kijana atajua kwamba jeraha la panga hupona, lakini shaka iliyoingia mtaani haiponi kwa siku saba.