Kiongozi wa Porini Hupimwa Mkiani

Juzi hapa Chemchem, Tabora, kijana mmoja alikuwa anaisifia kambi ya porini aliyolala siku mbili. Shuka nyeupe, bia ya baridi, na kiongozi "anayejua kila kitu". Nikamuuliza, mlipotembea msituni nani alikuwa wa mwisho kwenye mstari? Hakumbuki. Basi hata huyo kiongozi hamjui.

Sisi ni watu wa Unyanyembe. Misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilikuwa ikipumzika hapa, na wapagazi wa Kinyamwezi ndio waliobeba mizigo yake. Ubabaishaji porini usifiwe kwingine, si Tabora.

Nianze na madogo. Kiongozi mzuri havai kofia mpya. Hazungumzi kabla ya chai. Habari ya mbung'o kuvutwa na nguo za bluu au nyeusi hukupa ukiwa bado unafunga begi, si ukiwa umeshaumwa. Tena hakuapii kwamba kila mwembe mkubwa ulipandwa na watumwa. Yuko mmoja aliyetusimulia hivyo kwa huzuni kubwa, hadi mwenye shamba akatokea na kusema mwembe ule aliupanda baba yake.

Jambo lenyewe ni njia panda. Katika miombo vijia vya warina asali na vya ng'ombe vinafanana vyote. Mgeni humtazama kiongozi usoni, anasikiliza hadithi. Mtazame mikono. Kirangozi, kiongozi wa misafara ile ya zamani, alifunga njia isiyo yake kwa tawi, au kwa mstari aliouchora chini kwa mguu, ili wa nyuma wasipotee.

Upande wa Sikonge nimetembea na mzee mmoja, mrina asali, ambaye hakuwa akisimama hata kidogo penye njia panda. Mkono ulishuka tu, na tawi likabaki limekingama njia ya kushoto. Nikaliangalia lile tawi: majani mapana, na pale hapakuwa na mti wa namna hiyo. Alikuwa amelivunja bondeni na kulibeba makusudi, maana tawi la mti wa hapohapo nani atalitofautisha na lililoanguka lenyewe? Jioni tukirudi aliyaondoa yote, moja baada ya jingine. Kesho njia ile ina mtu wake.

Matapeli nao wameisikia habari hii. Mmoja aliweka tawi huku akitazama kamera. Aliliweka kwenye njia ileile tuliyoifuata.

Siku hizi mwenye simu ndiye kiongozi. Zamani kirangozi alitangulia na joho jekundu na bendera, ngoma ikilia, na mpagazi mgonjwa aliyeachwa nyuma mbali alifuata matawi yake akafika kambini bila kuuliza mtu. Ile ndiyo ilikuwa kazi.

Tangu 2019 Mto Ugalla ni hifadhi ya taifa, na kambi zitaongezeka. Ukienda, acha kung'ang'ania mbele. Tembea wa mwisho. Ukifika njia panda usikute tawi wala mstari, chakula kiwe kitamu namna gani, hapo umelala hotelini tu. Lipa chumba, kiongozi usimpe bakshishi.