Uthabiti Dhidi ya Nini? Uhakiki wa Dhana ya Daraja katika Ubunifu wa Peptidi za Mduara kwa Kurejelea Mazingira ya Kariakoo, Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Oksitosini ni homoni ndogo inayoundwa na asidi amino tisa. Mama hudungwa homoni hiyo mara tu mtoto anapozaliwa ili mji wa mimba ukaze na damu isimwagike kupita kiasi. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wazazi katika Afrika Mashariki, na kwa hiyo ubora wa dawa hii ni suala la uhai. Kwa kawaida inashauriwa ihifadhiwe katika nyuzijoto 2 hadi 8 za Selsiasi. Katikati ya jiji la Dar es Salaam, kati ya Desemba na Machi, joto la mchana hupita nyuzi 30. Baina ya ghala lenye ubaridi na jokofu la wodi ya wazazi kuna safari ya gari, foleni, kupakua, kusubiri sahihi, na pengine kukatika kwa umeme. Kichupa kilichopata joto hakibadiliki kwa macho. Muuguzi anayekivunja shingo usiku hawezi kujua kimebakiwa na nguvu kiasi gani.

Wanakemia wamelijibu tatizo la udhaifu wa peptidi kwa kuitazama pete na daraja lake. Oksitosini ni peptidi ya mduara: asidi amino ya kwanza na ya sita zimeunganishwa kwa daraja la atomi mbili za salfa. Atomi hizo zinaweza kuachana au kubadilishana wenza, na hapo pete hufunguka au molekuli mbili hushikana. Pendekezo linalopata nguvu katika maandishi ya kemia ni kuliondoa daraja hilo na kuweka mahali pake daraja la heterosaikliki, yaani pete ndogo ngumu ambayo ndani yake kaboni imechanganyika na atomi za aina nyingine, kama naitrojeni, oksijeni au salfa. Peptidi inayopatikana huelezwa kuwa “thabiti”. Makala haya yanahakiki neno hilo. Hoja kuu ni kwamba daraja halibebi uthabiti peke yake, na kwamba dai la uthabiti lisilotaja adui, muda na mahali halijakamilika, hata kama majaribio ya maabara ni sahihi.

2.0 Neno moja, maana tatu

Mfanyabiashara wa mifuko katika Mtaa wa Kongo, Kariakoo, akiulizwa kama mfuko fulani ni imara, aghalabu hujibu kwa swali: wa kubebea nini? Mfuko unaofaa kubebea nguo hauwezi kubeba misumari, na ule wa misumari huenda usihimili maji. Swali hilo la sokoni ndilo linalokosekana katika sehemu kubwa ya maelezo kuhusu peptidi za mduara.

Chini ya neno “thabiti” hujificha sifa tatu tofauti. Ya kwanza ni molekuli kushika umbo lake bila kupindapinda ovyo. Ya pili ni kustahimili vimeng'enya vya tumboni na katika damu. Ya tatu ni kubaki salama ndani ya kichupa kwa miezi au miaka, katika joto na unyevu wa mahali ilipo. Sifa hizi zinahusiana, lakini hakuna inayoihakikishia nyingine kuwapo. Kiswahili kina maneno ya kutosha kuzitenganisha: uimara wa umbo, ustahimilivu mwilini, na uthabiti wa hifadhi. Tangu Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, mjadala wa istilahi za sayansi umeelemea zaidi upatikanaji wa visawe. Mfano huu unaonesha kazi nyingine ya istilahi, nayo ni kumlazimisha msemaji aeleze anachokidai. Anayesema “uimara wa umbo” hawezi kueleweka kuwa ameahidi dawa isiyohitaji jokofu.

3.0 Mifano mitatu inayolipima daraja

3.1 Kalata: bondi ileile, mpangilio tofauti

Katika miaka ya 1960, daktari Lorents Gran kutoka Norwe, akifanya kazi nchini Kongo, aliona wanawake wakinywa maji yaliyochemshwa kwa mmea uitwao kalata-kalata ili kuharakisha uchungu wa uzazi. Mmea huo, Oldenlandia affinis, ulitoa peptidi iliyopewa jina la kalata B1. Umbo lake lilibainishwa kikamilifu mwaka 1995: asidi amino 29 zilizounganishwa kichwa kwa mkia, zikiwa na madaraja matatu ya salfa yaliyosukwa kama fundo. Peptidi hiyo ilikuwa imechemshwa chunguni, ikanywewa, na bado ikafanya kazi.

Mfano huu ni changamoto kwa hoja kwamba daraja la salfa ni kiungo dhaifu kwa asili yake. Bondi za kalata B1 ni za aina ileile iliyomo ndani ya oksitosini. Kinachozilinda ni mpangilio: kila daraja limefungiwa na mengine, na mnyororo hauna ncha ambayo kimeng'enya kingeanzia. Hata hivyo, mfano huu usisomwe kama sifa kwa kila dawa ya miti shamba inayouzwa pembezoni mwa soko. Peptidi isiyoharibika inapotumiwa bila kipimo kinachojulikana inaweza kukaza mji wa mimba kupita kiasi na kuhatarisha mama na mtoto. Ustahimilivu huhifadhi nguvu ya dawa, na nguvu hiyo inaweza kuponya au kudhuru.

3.2 Triazoli: pete ileile, viungio tofauti

Daraja la heterosaikliki linalojulikana zaidi ni triazoli, pete ya atomi tano yenye kaboni mbili na naitrojeni tatu. Mwaka 2002, Morten Meldal wa Denmark na Barry Sharpless wa Marekani, kila mmoja kwa njia yake, walionesha kwamba shaba huifanya pete hiyo iundike haraka na kwa usafi. Mwaka 2022 walitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Kemia pamoja na Carolyn Bertozzi. Faida ya triazoli ni dhahiri: haina salfa za kuachana, na mwili hauivunji kwa urahisi.

Ugumu wake, hata hivyo, una gharama. Watafiti wa Ujerumani waliochapisha kazi yao mwaka 2011 waliondoa daraja la salfa katika peptidi ndogo ya mbegu za alizeti, yenye asidi amino 14, inayozuia kimeng'enya tripsini. Walitumia triazoli za aina mbili zenye atomi zilezile. Katika moja, mnyororo ulishikizwa kwenye nafasi ya 1 na ya 4 ya pete; katika nyingine, nafasi ya 1 na ya 5. Ile ya pili, ambayo hutengenezwa kwa kichocheo cha rutheniamu badala ya shaba, ilihifadhi uwezo wa peptidi vizuri zaidi. Kwa hiyo jina la pete halitoshi kueleza matokeo. Daraja gumu lililowekwa kwa pembe isiyofaa huimarisha umbo ambalo kipokezi hakilihitaji, na molekuli ikawa ngumu bila kuwa dawa.

3.3 Kabetosini: molekuli ileile, kimiminika tofauti

Mfano wa tatu unairudisha hoja wodini. Kabetosini ni ndugu wa oksitosini ambaye daraja lake limebadilishwa: salfa moja imetolewa na kaboni kuwekwa mahali pake. Daraja hilo si la heterosaikliki, lakini linatokana na wazo lilelile la kuondoa bondi inayofunguka. Mwilini, kabetosini hudumu muda mrefu kuliko oksitosini. Hapo ustahimilivu mwilini umethibitika.

Jambo linalopaswa kuzingatiwa ni kwamba toleo la awali la kabetosini nalo lilihitaji kuhifadhiwa kwenye jokofu. Toleo linalostahimili joto, linaloweza kukaa miaka mitatu katika nyuzi 30, lilipatikana baada ya kubadilisha kimiminika: kiwango cha asidi na viambato vinavyoizunguka molekuli. Daraja lilikuwa lilelile katika matoleo yote mawili. Msomaji aliyeambiwa tu kwamba “daraja jipya limeipa dawa uthabiti” amepewa nusu ya habari, na nusu iliyoachwa ndiyo inayomhusu mtunza stoo.

Jaribio kubwa la toleo hilo, lililoratibiwa na Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2018, lilihusisha wanawake 29,645 katika nchi 10, zikiwamo Kenya na Uganda. Kabetosini haikuwa duni kwa oksitosini katika kuzuia upotevu wa damu wa mililita 500 au zaidi. Lakini katika jaribio hilo oksitosini ilitunzwa kwenye baridi ipasavyo. Mlinganisho ulikuwa baina ya dawa mpya na dawa ya zamani katika hali yake bora kabisa. Tofauti ambayo joto lingeleta katika safari ya kawaida ya jijini haikuwa swali la jaribio, ingawa ndiyo sababu kuu ya kuitamani dawa hiyo.

4.0 Kariakoo kama mahali pa kuhukumia

Kariakoo si mfano wa mapambo katika mjadala huu. Eneo hili, ambalo jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi wa Kiingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ni kitovu cha biashara ya jumla kinachofikiwa na wanunuzi kutoka mikoani na nchi jirani. Bidhaa huingia kwa mkokoteni na kutoka kwa basi. Shehena inayopita katika mazingira ya namna hii hukutana na maadui ambao maabara haiwajui: jua la mchana juu ya boksi, jokofu lililojaa vinywaji, na bei.

Bei nayo ni sehemu ya uthabiti, kwa maana dawa isiyonunulika haimfikii mtu. Kabetosini inayostahimili joto ilitangaziwa bei ya ruzuku ya takriban dola 0.31 za Marekani kwa dozi, lakini ahadi hiyo ililenga sekta ya umma na mashirika yasiyo ya faida. Duka binafsi halimo. Vivyo hivyo, daraja linalohitaji kichocheo cha metali adimu na hatua nyingi za usafishaji linaweza kushinda katika chupa ya majaribio na kushindwa kwenye ankara.

5.0 Hitimisho

Uhakiki huu haupingi ubunifu wa madaraja ya heterosaikliki. Mifano mitatu imeonesha kwamba madaraja hufanya kazi ya kweli. Imeonesha pia kwamba bondi ileile huwa dhaifu au imara kulingana na mpangilio, pete ileile hufaa au hushindwa kulingana na viungio, na molekuli ileile huhitaji jokofu au hailihitaji kulingana na kimiminika. Kwa hiyo kila dai la uthabiti lijibu maswali manne: dhidi ya nini, kwa muda gani, katika hali ipi, na kwa gharama ya nani. Mwandishi wa Kiswahili anayeandika “thabiti” bila majibu hayo amemwachia kazi ya kuyatafuta yule asiye na kifaa cha kupimia, naye ni muuguzi mwenye kichupa mkononi na mama anayetokwa na damu mbele yake.