Pongezi kwa Fundi wa Kitasa Kidogo

Fundi wa magari ya kale astahili taadhima, wala si kwa ajili ya injini peke yake, bali hata kwa kile kisanduku kilicho mbele ya abiria, ambacho mlango wake, baada ya miaka 50 na zaidi ya joto na mitikisiko, hufunguka wenyewe kila gurudumu liangukapo shimoni na kumwaga hati na funguo miguuni. Nimemtazama mmoja akiihudumia Peugeot 404, ndugu ya zile zilizoshinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966 hadi 1968: hakukimbilia kununua kitasa kipya, bali aliupaka chaki ulimi wa kitasa, akaufunga mlango taratibu, akaufungua, akaisoma alama iliyobaki kwenye bati la kuupokea, na hapo ikabainika kwamba kitasa ni kizima, ila bawaba imelegea na kuusogeza mlango kadiri ya unene wa ukucha. Akatia kipande chembamba cha bati chini ya bawaba, akakaza skrubu. Subira hiyo, ya kutafuta sababu kabla ya kushika bisibisi, ni elimu adhimu. Nawe mwenye gari kama hilo, usikubali litobolewe tundu jipya la kitasa kabla bawaba hazijakaguliwa.