Luanda Kotieno: Gati Linaloshika Mzunguko wa Ghuba ya Winam

Anayepanga likizo ya kuzunguka Ghuba ya Winam, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, huanza na orodha ya vitu vya kutazama. Ataandika Kit Mikayi, kaburi la Tom Mboya kule Rusinga, michoro ya miambani kisiwani Mfangano, mchanga mweupe wa kisiwa cha Takawiri, mbuga ya Ruma na ziwa la Simbi Nyaima. Luanda Kotieno haimo katika orodha hiyo. Pale pana gati, feri, magari yaliyopanga foleni, vibanda vya chai na akina mama wanaouza samaki wa omena na ngege. Wageni wengi hupita wakiwa wametazama saa tu.

Hata hivyo, ukiiondoa Luanda Kotieno, orodha nzima haikusanyiki katika safari moja. Katika uchambuzi huu naonyesha jinsi mzunguko wa siku tatu unavyopangwa kwa kuanza na gati hilo, na kwa nini bandari ya safari hupimwa kwa kile inachokiunganisha kabla ya kupimwa kwa kile inachokionyesha.

Zaidi ya kilomita 200, au saa moja

Luanda Kotieno iko kwenye ncha ya Uyoma, Rarieda, katika Kaunti ya Siaya. Ng'ambo yake ni Mbita, Kaunti ya Homa Bay. Feri inayobeba watu na magari huvuka kwa takriban saa moja. Asiyetaka kuvuka maji hana budi kurudi Kisumu, apite Ahero, Katito, Kendu Bay na Homa Bay, ndipo aifikie Mbita. Hizo ni zaidi ya kilomita 200 za kufikia mji ambao angeweza kuuona kutoka alikokuwa amesimama.

Faida kubwa ya feri ni umbo inaloipa safari. Bila feri, mgeni wa Kisumu huenda Mbita kwa njia ya kusini na kurudi kwa njia ile ile, na ufuo wa kaskazini hauoni. Akivuka, anakwenda kwa ufuo mmoja na kurudi kwa mwingine. Hakuna barabara anayoipita mara mbili, na kila saa ya gari inampa eneo jipya.

Kwa nini mlangoni mwa ghuba

Mahali pa kivuko hiki panaeleweka vizuri ukikumbuka jinsi Kisumu ilivyopata kuwa bandari. Wapimaji wa reli ya Uganda walikuwa wameilenga kwanza Port Victoria, upande wa Busia, iliyo karibu na maji mapana ya ziwa. Baadaye reli ilielekezwa kwenye pembe ya mashariki ya ghuba, kwa sababu njia ya huko ilikuwa fupi. Meli iliyoitwa William Mackinnon, iliyoletwa vipande vipande kutoka Uskoti, ilishushwa majini hapo mwaka 1900. Reli yenyewe ilifika Desemba 1901, na mahali hapo pakaitwa Port Florence kabla ya jina la Kisumu kutawala.

Uamuzi huo ulipunguza reli na kuongeza safari ya majini. Ghuba ina urefu wa kilomita 60 hivi, na kina chake cha wastani hakifiki mita 10, ilhali ziwa kuu lina sehemu zenye kina cha mita 80. Kila meli iliyotoka Kisumu kwenda Entebbe, Port Bell, Bukoba, Mwanza au Musoma ilibidi kwanza iivuke ghuba yote, kisha ipenye katikati ya Uyoma na kisiwa cha Rusinga. Huko ndiko Luanda Kotieno iliko. Abiria wa MV Victoria, iliyoanza kuhudumu mwaka 1961 na kuziunganisha bandari za nchi tatu, walipita hapo kabla ya kuliona ziwa pana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mzunguko ule wa nchi tatu uliisha. Meli hiyo ilibaki Tanzania, na leo, kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu, inafanya safari za Mwanza na Bukoba.

Kivuko cha mlangoni kina ubora mwingine wa kiufundi. Gugu maji, lililoingia ziwani kufikia miaka ya 1990, husukumwa na upepo na kurundikana katika pembe zilizotulia, hasa Kisumu, Kendu Bay na Homa Bay. Kuna nyakati boti za Kisumu zimekwama kabisa. Mlangoni maji yana kina zaidi na yanatembea, kwa hiyo magugu hayakai kwa urahisi. Ukilazimika kuweka ratiba nzima juu ya kivuko kimoja, kiweke pale ambapo maji yenyewe yanasaidia kufungua njia.

Funzo kutoka Japani

Wapangaji wa safari za meli za starehe nchini Japani wanaijua vizuri kanuni hii ya kuanza na mipaka ya njia na magati kabla ya vivutio. Meli yenye bendera ya kigeni ikichukua abiria Japani na kuwarudisha Japani, sheria huitaka itie nanga nchi nyingine katikati. Ndiyo maana Busan ya Korea Kusini huonekana katika ratiba nyingi zinazouzwa kama ziara za Japani. Busan ni mji wenye mengi ya kuona, lakini kilichouingiza katika ratiba ni sheria. Kule Yokohama, meli zenye kimo kikubwa mno haziwezi kupita chini ya daraja la ghuba, lililo mita 55 hivi juu ya maji, na mwaka 2019 gati la Daikoku lilianza kuzipokea upande wa nje. Mwenye meli hujiuliza kwanza itapita wapi na itafunga wapi, ndipo azungumzie mahekalu na maua ya mcheri.

Sisi tuna mipaka yetu. Kuvuka maji ya Kenya kwenda Uganda au Tanzania kunahitaji taratibu za uhamiaji, na mtalii wa siku tatu hana muda wa kuzikamilisha. Mzunguko wetu basi unabaki ndani ya Kenya, yenye takriban asilimia 6 tu ya ziwa. Eneo hilo dogo linatosha, mradi magati yachaguliwe kwa makini.

Upepo ndio unaopanga saa

Kwenye ghuba, upepo una zamu zake. Usiku na alfajiri hutoka nchi kavu kuelekea majini, kwa sababu nchi hupoa haraka kuliko ziwa. Jua likishapanda, nchi hupata joto na upepo hugeuka. Alasiri huvuma kutoka ziwani, ukiingia kwa mlango wa magharibi na kuinua mawimbi. Wavuvi wanaoitegea omena kwa taa usiku hurudi asubuhi, kabla ya zamu hiyo kubadilika.

Kutokana na hayo, vipande vyote vya majini vipangwe asubuhi. Feri kubwa huvumilia mawimbi ya alasiri, lakini boti za injini zinazokwenda Mfangano na Takawiri hutikisika sana, na abiria asiyezoea huteseka. Mchana uwe wa barabara, kupanda mlima au kutembelea makumbusho. Anayelala hadi saa tatu asubuhi kisha akatafuta boti saa nane mchana ameipanga siku kinyumenyume.

Mwezi wa safari nao una uzito. Mvua za masika kati ya Machi na Mei huja na dhoruba, na nyingi hupiga ziwani usiku. Anayetaka kuona taa za wavuvi wa omena zikitapakaa majini achague usiku usio na mbalamwezi, maana samaki hao hufuata taa kukiwa na giza. Pia aepuke Aprili hadi Julai, msimu ambao Kenya huufunga uvuvi wa omena ili wazaliane.

Uelekeo: kaskazini kwanza au kusini kwanza?

Hili ndilo swali gumu zaidi. Mzunguko unaweza kuanza Kisumu kwa ufuo wa kaskazini, ukavuka Luanda Kotieno na kurudi kupitia Homa Bay. Unaweza pia kwenda kinyume chake.

Anayetetea kuanza kusini ana hoja nzuri. Feri ikiharibika siku ya mwisho ukiwa Mbita, barabara ya lami ya Homa Bay inakurudisha Kisumu bila kukuzungusha mno. Ikiharibika siku ya kwanza ukiwa Luanda Kotieno, itabidi urudi nyuma na kuizunguka ghuba nzima.

Pamoja na hayo, nachagua kaskazini kwanza, kwa sababu ya muda. Siku ya mwisho msafiri ana tiketi ya ndege au basi la usiku, na saa tatu zikipotea gatini hazina pa kufidiwa. Siku ya kwanza hana miadi. Feri ikichelewa, anakunywa chai Luanda Kotieno na kusubiri inayofuata. Isipokuja kabisa, analala Bondo na kujaribu tena asubuhi, huku akipunguza kitu kimoja mbele ya safari. Sehemu yenye shaka iwekwe mwanzoni, siku zikiwa bado mkononi, na sehemu ya uhakika iachiwe mwisho.

Bandari zilizoachwa

Zamani meli ndogo zilihudumia magati ya ndani ya ghuba kama Kendu Bay, Homa Bay na Asembo Bay. Katika mzunguko huu miji hiyo inafikiwa kwa gari. Barabara zake ni nzuri, na kulazimisha boti huko ni kujiweka mikononi mwa gugu maji bila sababu.

Kisiwa cha Ndere, mbuga ya taifa tangu 1986, kimeachwa kwa shingo upande. Kina ndege na swala wazuri, na kiko upande ule ule wa kaskazini. Lakini kinahitaji boti yake na asubuhi yake, na asubuhi ya siku ya kwanza ni mali ya feri. Mwenye siku nne akiweke kabla ya kuondoka Kisumu. Mwenye tatu asikibane, ataharibu vyote viwili.

Mfangano, kwa upande mwingine, kimepewa usiku mzima. Michoro ya kale ya Mawanga na Kwitone inahitaji kupanda mlima, na boti ya kurudi alasiri ingemkimbiza mgeni na kumtia katika mawimbi. Takawiri kinabaki kituo cha njiani, upepo ukiruhusu.

Ratiba yenyewe

Siku ya kwanza, ondoka Kisumu saa kumi na mbili asubuhi kwa barabara ya Bondo. Kit Mikayi iko njiani, na nusu saa inatosha. Ukifika Ndori, kata kushoto kwenda Luanda Kotieno. Lengo ni kuwa gatini kabla ya saa nne, ili ukiikosa feri moja usikose siku. Baada ya kuvuka, pitia Rusinga. Hapo zamani mkondo mwembamba kati ya Mbita na kisiwa hicho ulizibwa kwa tuta lililojengwa miaka ya 1980. Maji yalikosa kupita, na boti zikalazimika kukizunguka kisiwa. Daraja lililojengwa badala yake limefungua mkondo huo. Alasiri tembelea kaburi la mwanasiasa Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Kisiwa hicho pia ndicho alikopata Mary Leakey fuvu la Proconsul, sokwe wa kale, mwaka 1948. Lala Rusinga au Mbita.

Siku ya pili, chukua boti ya mapema kwenda Mfangano. Kabla ya kupanda, hakikisha kila abiria ana jaketi la kuokoa maisha na kwamba boti haijajazwa kupita kiasi. Boti isiyo na majaketi iache iende. Maafa ya MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018 yametufundisha kwa gharama kubwa mno kinachotokea chombo kinapozidiwa. Panda miambani na mwenyeji anayeijua njia, tembelea makumbusho ya Abasuba, ulale hapo hapo.

Siku ya tatu, rudi Mbita alfajiri, kisha shika barabara ya Homa Bay. Wenye gari lao wanaweza kuingia Ruma kuwatafuta swala aina ya korongo, ambao ndio fahari ya mbuga hiyo. Wengine wapitie Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay, kisha Kisumu kabla ya giza.

Kinachohitaji kurekebishwa

Ratiba hii inasimama juu ya kivuko kimoja, na kivuko hicho kinastahili kutendewa kama bandari. Mambo matatu yangebadilisha mengi kwa gharama ndogo: ubao wa saa za feri unaosomeka na kusahihishwa kila zinapobadilika; kivuli na vyoo kwa wanaosubiri; na gati linaloweza kufuata kina cha ziwa. Mei 2020 ziwa lilipanda na kuipita rekodi ya 1964, na fuo nyingi zikafunikwa. Gati lililojengwa kwa kiwango kimoja cha maji litashindwa tena.

Hadi hayo yatimie, msafiri apige simu siku moja kabla, aulize saa ya feri ya kwanza na ya mwisho, na aijenge siku yake juu ya jibu hilo. Kaunti za Siaya na Homa Bay zinatangaza vivutio vyao kila moja peke yake. Zingetoa tangazo moja lenye saa za feri juu yake, wageni wangeona mara moja kwamba ghuba hii inazungukika.