Mwanga Ulionaswa Ukingoni mwa Mbagathi

Jamani! Nimetoka Kitengela Glass, kituo cha sanaa ya vioo, sasa hivi na macho bado yananicheza! Onyo kwanza: usiende mjini Kitengela kutafuta mahali hapa. Pitia Ongata Rongai, shika njia ya Tuala, umeze vumbi la Kajiado hadi vioo vianze kukukonyeza. Masanamu, mabenchi, kuta: kila kitu kimevishwa vipande vya rangi. Hakuna aliyesema "inatosha", na Mungu ashukuriwe!

Mwanzilishi ni Nani Croze, msanii wa michoro ya ukutani mzaliwa wa Ujerumani, aliyekita kambi hapa tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, ng'ambo ya mto Mbagathi ikiwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Baadaye akageukia vioo vya rangi, na hapo ndipo nilipopagawa. Claude Monet na wenzake kule Ufaransa waliukimbiza mwanga kandokando ya mto Seine, wakiuwahi kwa madoa ya rangi kabla haujabadilika. Hapa mwanga wenyewe ndio unaochora! Wingu likipita, bluu ya dirisha inazama. Jua likirudi, sakafu nzima inawaka nyekundu. Nathubutu kusema Monet angehamia Kajiado. (Vumbi lingemkera, lakini angehamia.)

Halafu tanuru! Karakana ya kupuliza vioo ni kazi ya mwanawe, Anselm Croze. Vioo chakavu vinayeyushwa kwa joto linalopita nyuzi 1,000. Fundi anachovya bomba la chuma, anaibuka na tonge la moto, anapuliza, anazungusha, anapuliza tena, hana nafasi ya kusitasita kwa sababu kioo kikipoa kimegoma. Mara jagi hilo hapo! Lina viputo ndani. Wengine wataviita kasoro. Mimi ndivyo ninavyovilipia.

Masanamu mengine yamezidi chumvi, nakiri. Lakini nenda kwenye daraja linaloning'inia juu ya korongo la Mbagathi. Linayumba kweli! Katikati, magoti yakigongana, tazama chini: miamba, miti, maji, na rangi zote zile ulizoziona dirishani.

Bei si za soko la mitumba la Gikomba, jiandae. Bilauri zangu za kijani zimeshafungwa kwenye magazeti, na yule ndege wa kioo niliyemwacha rafuni nimeshaanza kumwekea akiba. Tafadhali msiniwahi!